Miti ama vyuma, mimea iegemee wapi?

Hili swali haliishi kila mvua za Machi zikikaribia. Kwa bei, miti ya kalitusi ama mianzi inashinda mbali, na kama una shamba la nyanya la mistari mingi wala usiwaze vyuma, utafilisika. Shida ni mchwa. Wanaanzia chini, juu unaona mti mzima kumbe kwenye udongo umebaki unga, ikija mvua na upepo nyanya zote ziko kwenye matope na magonjwa yanaingia. Ndo maana wengine hupaka oili chafu ya gari, mimi sipendi kabisa karibu na chakula, afadhali kuchoma ncha kidogo kabla ya kuchimbia, alafu kila msimu unabadilisha iliyolegea.

Chuma je? Mafundi wa vyuma wa Katwe, pale Kampala, wanakuchomelea tao zuri la bugenvilia, kwa urembo hakuna ubishi, mchwa hana kazi hapo, ila kutu ipo na rangi lazima urudie. Usiweke nje ya geti tu, watu wa skrapu wanapita. Pasheni inakaa miaka na inakuwa nzito, hapo nguzo imara na waya vinalipa. Kama umepanga nyumba, mianzi, ukihama hauumii.