Seti ya rangi za mafuta ya tyubu 12: limau linaipenda nusu tu

Hii ni seti ya daraja la wanafunzi, na nimeitumia kwa kazi moja tu: kuchora matunda yaonekane ya kweli mpaka mtu atamani kuyashika. Kwa kazi hiyo nusu ya sanduku ni nzuri mno. Nusu ya pili inakwamisha.

Rangi za udongo hazina lawama. Kahawia (PBr7; alama kama hii ni namba ya pigmenti, yaani unga unaotoa rangi) na njano ya udongo (PY43) zina nguvu karibu sawa na za daraja la juu, kwa sababu malighafi yake si ghali na mtengenezaji hana haja ya kubana. Bluu ya altramarini (PB29) nayo safi. Kahawia ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo iliyoanikwa. Mafuta ya kitani yaliyomo ndani yake huvuta oksijeni hewani na kugeuka utando mgumu taratibu. Aina ya kahawia yenye madini ya manganizi huharakisha kazi hiyo. Ukipaka tabaka la kwanza kwa kahawia nyembamba, utaweza kuendelea juu yake mapema, na hilo ni jambo kubwa unapochora kitu kinachonyauka mbele ya macho yako.

Shida inaanza kwenye njano. Jina kwenye tyubu linataja kadmiamu, metali inayotoa njano kali, lakini ukisoma maandishi madogo nyuma huikuti PY35, namba ya njano ya kadmiamu halisi. Kuna pigmenti nyingine iliyochanganywa na unga wa kujazia tu. Upande wa limau unaopigwa na mwanga hutaona tofauti. Itazame kivulini. Kivuli cha limau bado ni njano, njano nzito inayoelekea kijani, na ndicho kinacholipa tunda uzito na duara lake. Hapo njano ya seti, ikiguswa na bluu kidogo tu, inafifia na kuwa kijivu cha tope. Nilijaribu mchanganyiko uleule kwa PY35 halisi na kivuli kikabaki hai. (Kadmiamu ina sumu: usiipige msasa ikishakauka.)

Nyekundu nzito ya alizarini, PR83, inavutia sana. Inapitisha mwanga, na ikipakwa nyembamba juu ya rangi nyeusi iliyokauka inaleta ule wekundu wa ndani ya zabibu. Lakini katika vipimo vya ASTM (shirika la viwango la Marekani) vya kustahimili mwanga imewekwa daraja la III, ambapo la I ndilo bora, na inapungua upesi zaidi pale pale tunapoitaka, ikiwa nyembamba au imechanganywa na nyeupe. Tafuta PV19 au PR122 badala yake. Ni pigmenti za kwinakridoni, jamii ya rangi za kutengenezwa kiwandani, nazo hupitisha mwanga vilevile.

Nyeupe imechanganywa titani (PW6) na zinki (PW4). Inapakika kwa ulaini, nakiri, ila zinki hufanya utando wa mafuta uwe mkavu na kuvunjika kadiri miaka inavyokwenda, na mchoro wa matunda unaochukua wiki nzima unastahili kuishi. Titani peke yake inatosha. Hata ule unga mweupe juu ya ganda la zabibu unatoka vizuri nayo: subiri tabaka la giza likauke kabisa, chukua nyeupe yenye bluu kidogo, buruta brashi karibu kavu, kisha futa alama moja mahali kidole cha mchumaji kilipogusa. Alama hiyo ndiyo inayoaminisha jicho.

Kichupa cha mafuta ya kitani kilichomo ni kizuri. Vitambaa ulivyofutia mafuta hayo usivirundike, maana hupata joto vyenyewe hata kushika moto. Vitandaze vikauke au vitumbukize majini.

Kwa anayejifunza maumbo na mwanga, seti inafaa. Anayetaka limau lenye maji ndani anunue tyubu mojamoja: za udongo na altramarini achukue za daraja hili bila wasiwasi, na pesa aiweke kwenye njano, nyekundu na nyeupe.