Jiko lako la mlimani limekosa gesi yake: ununue nini sasa?

Msimu wa kupanda Kilimanjaro ukielekea ukingoni, mizigo ya wageni hupungua pale geti la Mweka. Makoti, viatu, fimbo za kutembelea na mara moja moja jiko dogo la kambi huachiwa waongozaji na wagumu waliobeba mizigo, juu ya bakshishi ya kawaida. Jiko la namna hiyo hupendwa upesi. Linaingia ndani ya kikombe, na maji ya chai yanachemka kabla hujamaliza kusimamisha hema. Kisha kopo la gesi lililokuja nalo linakwisha. Unazunguka Moshi, Arusha, hadi Nairobi, na hakuna kopo linaloingia. Pengine ni la kutoka nchi nyingine. Pengine kiwanda kimeacha kabisa kulitengeneza.

Hilo la pili ndilo linaloumiza zaidi. Kampuni ya Coleman ya Marekani iliwahi kuuza gesi iliyoitwa PowerMax: kopo la alumini lenye mrija ndani, uliovuta gesi ikiwa bado kimiminika na kuipeleka kwenye kibomba kinachopita karibu na moto, igeuke mvuke hapo. Kwa mpango huo baridi haikulisumbua. Moto uliwaka vilevile kopo likiwa limejaa au likikaribia kwisha. Majiko ya Xtreme na Xpert yalitengenezwa kwa kopo hilo tu. Kopo lilipositishwa, majiko mazima yasiyo na kasoro hata moja yakabaki bila chakula.

Nimeyapanga machaguo yaliyobaki kwa kipimo kimoja: mafuta yake utayapata mwaka ujao, na utayapata Lushoto na Nanyuki, si mjini tu? Uzito, mwonekano na kasi ya kuchemsha nimeviweka nyuma ya swali hilo.

Kabla ya kutoa hela, tambua kopo lako

Makopo ya gesi ya kambi yapo ya familia chache. Lililoenea zaidi duniani lina shingo yenye hesi. Unalizungushia jiko mpaka likaze, na ubavuni mara nyingi limeandikwa EN 417, kiwango cha Ulaya cha makopo yasiyojazwa tena. Kuna lile la Campingaz aina ya CV, ambalo halina hesi. Jiko hubanwa juu yake mpaka lishike. Kuna la kizamani la kutobolewa, kama C206, ambalo ukishalifunga kwenye jiko hulitoi mpaka gesi iishe. Na kuna lile jembamba refu lenye umbo la kopo la dawa ya mbu, linalotumika kwenye majiko ya gesi ya mezani. PowerMax haiko katika familia yoyote kati ya hizi.

Jiko likiwa la CV au la PowerMax, bado hujafikia mwisho. Nenda moja kwa moja kwenye nafasi ya tatu.

Nafasi ya kwanza: jiko la gesi na mafuta ya maji kwa pamoja

Kwa anayetembea mbali na mara kwa mara, hili ndilo la kununua, nami silitaji kwa kusitasita. MSR WhisperLite Universal na Primus OmniFuel hufanya kazi kwa kopo la hesi, na likikosekana unafunga chupa ya mafuta yenye pampu, unabadilisha jeti (kile kipande chenye kitundu chembamba cha kupitishia mafuta) na kuwasha kwa petroli au mafuta ya taa. OmniFuel hukubali hata dizeli.

Fikiria maana yake ukiwa Mtae au Loitokitok saa kumi na moja jioni. Duka la vifaa vya kambi hakuna, lakini petroli ipo, kituoni au kwa yule kijana anayewauzia bodaboda kwenye chupa. Petroli yetu haina madini ya risasi tangu 2006, kwa hiyo haina tatizo kwa majiko haya. Kampuni yoyote ikiamua kesho kuacha kutengeneza makopo yake, wewe unaendelea kupika.

Gharama yake ni kwamba unalinunua ghali na unatakiwa kujifunza kuliwasha. Unaachia mafuta kidogo, kama nusu kijiko, yalowanishe kikombe kilicho chini ya kichwa cha jiko, unafunga, unayawasha. Moto unakuwa mrefu, wa manjano, wenye moshi. Usiuogope na usiuzime. Unapokaribia kufa ndipo unafungua vali taratibu. Kibomba kimeshapata moto, mafuta yanatoka yakiwa mvuke, na moto wa manjano unakatika ghafla kuwa wa buluu unaovuma. Ukifungua mapema, petroli mbichi itamwagika ikiwa inawaka. Fanya zoezi hilo uani kwako, mbali na makuti na nguo zilizoanikwa, mpaka mkono uzoee.

Mafuta ya taa huwaka kwa utulivu zaidi na hayalipuki kirahisi, lakini yana masizi, na siku hizi hayaonekani ovyo. Tanzania ilipandisha ushuru wake sana mwaka 2011 ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, Kenya ikaweka tozo yake mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo, na vituo vingi havina tena pampu yake. Ndiyo maana simshauri mtu leo anunue jiko la mafuta ya taa peke yake, hata likiwa zuri kiasi gani.

Nafasi ya pili: jiko dogo la kopo la hesi

Kama safari zako ni za wikiendi, Longonot, Usambara, au mlima Meru mara moja kwa mwaka, huhitaji chupa na pampu. Nunua jiko jepesi la hesi. Kopo lake hutengenezwa na kampuni nyingi, ndiyo maana ni vigumu lipotee sokoni: mmoja akiacha, mwingine yupo. Hilo ndilo PowerMax ilikosa.

Chagua kopo kwa kusoma kilichomo. Butani ya kawaida huacha kugeuka mvuke kwenye nyuzi 0 hivi, isobutani huenda hadi karibu nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hadi 42 chini ya sifuri. Ukiwa juu mlimani hewa nyepesi husaidia kidogo, kwa sababu gesi nayo huchemka kwa urahisi zaidi, lakini alfajiri kwenye kambi ya Barafu, kule Kilimanjaro, kopo la butani tupu litakuaibisha. Tafuta lenye isobutani na propani, na usiku lilaze ndani ya begi la kulalia. Kopo la gramu 230 hivi huchemsha lita 12 mpaka 16 kama hakuna upepo. Upepo ukiwepo, sahau hesabu hiyo.

Aliyezoea uchemkaji wa haraka wa bondeni ajue jambo jingine: kwenye kambi za mita 4,700, kama Kibo, maji huchemka kwenye nyuzi 85 hivi. Maharage mabichi hayataiva hapo kwa jiko lolote. Wapishi wa mlimani hupanga chakula chao wakilijua hilo, nawe pika mapema bondeni ukapashe tu juu.

Wenye ndugu ughaibuni wasiombe kopo. Ndege hairuhusu gesi ya kambi kwenye begi la mkononi wala la chini. Jiko lenyewe linaweza kusafiri likiwa safi kabisa, bila harufu ya mafuta, na shirika la ndege likiwa limekubali.

Nafasi ya tatu: adapta, kwa asiyetaka kuachana na jiko lake

Kuna watu ambao jiko ni kumbukumbu ya mtu au ya safari, nami nawaelewa. Adapta ni kipande cha shaba au alumini, upande mmoja unapokea kopo lililopo sokoni, upande wa pili unaingia kwenye jiko lako. Za kutoka kopo refu la mezani kwenda hesi zimejaa mitandaoni, na kwa mwenye jiko la hesi hii ni akiba nzuri sana, kwa kuwa makopo marefu hupatikana hata kwenye maduka ya kawaida ya vyombo. Kumbuka tu kwamba mengi ni butani tupu: ni ya ufukweni na Lushoto, si ya Barafu. Za kutoka CV kwenda hesi zipo pia, na za kurudi.

Kwa PowerMax, mafundi na wapenzi wa majiko hayo ng'ambo wamechonga adapta zinazoshika kopo la hesi likiwa limepinduliwa, ili gesi iingie ikiwa kimiminika kama jiko linavyotaka. Zinafanya kazi. Lakini si bidhaa ya kiwanda, na hapa unaweka maisha yako kwenye mpira mmoja mdogo wa kuzibia. Ukinunua, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, fungua gesi bila kuwasha, uangalie. Kipovu kimoja kikikua, rudisha kwa muuzaji. Mwenye Fyrestorm, jiko jingine la Coleman la PowerMax, ana bahati kuliko wenzake, kwani jiko hilo lilikubali pia mafuta ya maji.

Kitu usichokifanya ni kupindua kopo kwenye jiko lisilo na kile kibomba cha kupashia. Litatapika gesi mbichi na moto wa urefu wa mkono.

Nafasi ya nne: jiko la spiriti

Trangia ya Uswidi haina vali, pampu wala mpira wa kuharibika zaidi ya ule wa kifuniko. Unamimina spiriti, unawasha. Ukiongeza maji kama asilimia 10, masizi kwenye sufuria hupungua. Nimeliweka nafasi ya nne kwa sababu ya nguvu: spiriti hutoa zaidi kidogo ya nusu ya joto la gesi kwa uzito uleule, kwa hiyo utabeba karibu mara mbili. Na moto wake hauonekani juani. Usiongeze spiriti mpaka umepitisha kiganja juu yake na kuhakikisha umezimika na kupoa. Watu wameungua hapo. Kwa chai ya wawili na wali kidogo linatosha.

Nafasi ya tano: kuhodhi makopo ya zamani

Ukikuta mtu anauza makopo yaliyositishwa, yapime kwa mizani. Toa uzito wa kopo tupu, kama umeandikwa au una tupu la kulinganisha, ndipo ujue umebakishiwa gesi kiasi gani. Kopo la chuma lenye kutu kwenye mshono wa chini liache. La alumini halishiki kutu, ila kagua kama limebonyea. Usilipe bei ya kuhodhi kwa kitu ambacho kitaisha tu.

Kujaza kopo tupu kutoka mtungi wa nyumbani sikupi nafasi yoyote kwenye orodha hii. Gesi ya mtungini ina propani, shinikizo lake ni kubwa kuliko la butani mara kadhaa, na kopo lenye kuta nyembamba halina kinga ya kujazwa kupita kiasi. Mtungi wenyewe wa kilo 6 ni sawa kwa kundi lenye mpishi, lakini chuma chake kina uzito zaidi ya gesi yake, na kwa mgumu mwenye kikomo cha kilo 20 huo ni mzigo mkubwa kwa gesi kidogo.

Na kama unanunua jiko la mtumba, nenda na mafuta yako mwenyewe. Lifunge mbele ya muuzaji, paka povu, liwashe, liache liwake dakika tano nje, penye hewa. Tazama moto: wa buluu na ulio sawa pande zote unakubalika, wa manjano upande mmoja unamaanisha jeti imeziba au kichwa kimepinda. Zima, subiri lipoe, washa tena. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwachie jiko lake.