Hii keria ya nyuma inabeba vizuri, shida iko puani

Mambo vipi watu wangu wa nguvu, karibuni tena uani kwangu hapa Njiro, Arusha. Leo Meru imejifunika mawingu mpaka kiunoni, na jogoo wa jirani ameshaanza kutia sauti, kwa hiyo mkimsikia msije kwenye maoni kuniuliza nimeweka muziki gani. Tangazo dogo kwanza: video sasa zinatoka Jumapili, si Ijumaa tena. Ijumaa nimeshindwa, kazi ni kazi. Na mliolalamikia sauti, maiki mpya ndiyo hii hapa kwenye kola, niambieni kama nasikika.

Haya, keria. Mmeisubiri mwezi mzima, mpaka kuna mmoja akaniambia nimeitapeli chaneli. Dogo, sogeza kamera huku nyuma ya karavani, hii nyumba yetu ya kuvutwa na gari. Hiyo hapo. Bomba za chuma, reli mbili za baiskeli, na chini kuna fremu ya kubebea madumu mawili ya lita 20. Ni kazi ya fundi mmoja wa Unga Limited. Alianzia shilingi 350,000, nikakaa pale saa nzima nakunywa chai yake mpaka ikashuka 280,000. Unene wa bomba na mambo ya rangi sisemi, mnavijua, na picha mnaiona. Ila pitisha mkono hapa kwenye viungo. Unaona? Hukwaruzwi. Amesaga vizuri, sijapata kuona kazi safi namna hii kwa bei hii.

Wiki ya kwanza niliipenda mpaka naamka asubuhi natoka na kikombe cha chai kuja kuiangalia. Hivi sasa nimeikasirikia kidogo, na kwa kweli nusu ya hasira ni yangu mwenyewe.

Tulikuwa tunakwenda Moshi, mimi, mama watoto na watoto. Baiskeli mbili nyuma, madumu mawili yamejaa maji mpaka shingoni. Usa River shwari, Maji ya Chai shwari. Tumepita Kikatiti, barabara imenyooka, niko kwenye 85 hivi, basi la mkoani likanipita. Si unajua ule upepo wa basi. Karavani ikasukumwa kidogo pembeni, ikarudi, halafu ikaenda upande wa pili zaidi ya mwanzo. Kwenye kioo naona kona ya karavani inachomoza kushoto, inapotea, inachomoza kulia. Prado yangu inayoivuta nayo inavutwa kiuno. Mama watoto hakusema neno, alishika tu kile kishikio cha juu ya mlango. Mkiona mama watoto kanyamaza, mjue mambo mazito.

Mguu unawasha, unataka breki. Usiikanyage kwa pupa. Gari lako linalovuta likikamatwa ghafla, karavani iko nyuma bado inakuja na uzito wake wote, inakusukuma, na mkia unazidi. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, usicheze nao kushoto kulia, acha mwendo ushuke wenyewe. Ilitulia kwenye 60. Na yule shemeji wa kila familia anayewaambia ukiongeza mafuta inanyooka, mwambieni aje ajaribu na karavani yake. Mwendo ndio unaoilisha ile ngoma.

Nikaegesha pembeni, nikaikagua keria. Nati zote zimekaza, hakuna ufa, hakuna kilicholegea. Fundi kanitengenezea keria ya kubeba kilo 100, na kweli inabeba. Hapo ndipo nilipokaa kwenye jiwe nikaanza kufikiri vizuri.

Sasa njooni mbele. Hapa ndipo ilipo video ya leo, huko nyuma nilikuwa nawakaribisha tu.

Hii ni mizani ya bafuni, ya kupimia uzito wa mtu. Ni ya mama watoto, hajui iko hapa, tafadhali. Hiki ni kipande cha mti, nimekikata kikae kati ya mizani na shingo ya karavani, yaani ule mkono wa mbele wa kuvutia, kwa urefu uleule ambao pua inakaa ikiwa imeshikwa kwenye tufe la gari, ule mpira wa chuma wa kuvutia. Karavani iko sawa, haijainama mbele wala nyuma, ardhi ni tambarare, matairi nimeyawekea kabari. Nainua hiki kigurudumu kidogo cha mbele taratibu... dogo, piga picha namba... 74. Kilo 74. Huo ndio uzito wa pua, yaani uzito ambao karavani inalilalia gari. Karavani yangu na vitu vyake ndani ni kama kilo 1,100. Waingereza, ambao wamevuta karavani maisha yao yote, wanasema pua iwe asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wote. 74 ni karibu 7. Safi kabisa. Ila usizidishe kile ambacho tufe la gari lako na shingo ya karavani vinaruhusiwa, kimeandikwa kwenye kibao, soma.

Hapo nyuma ni patupu, keria nimeifungua. Dogo, irudishe keria. Kilo 12 hiyo. Mizani... 65. Imepungua 9. Weka baiskeli ya kwanza, hii ni kilo 16... 53. Umeona? Sijagusa kitu huku mbele. Baiskeli ya pili... 41. Subiri, msikimbie, utamu unakuja. Dumu la kwanza. Maji lita 20 ni kilo 20, dumu lenyewe kilo moja... 25. Dumu la pili.

Sogeza kamera. Soma mwenyewe. 9 na nusu.

Kilo 9 na nusu! Karavani sasa ina kilo karibu 1,190 na inalilalia gari kwa uzito wa begi la shule. Nikiingiza vidole viwili hapa chini, tazama, nainua pua. Vidole viwili! Na hivyo ndivyo nilivyowapakia watoto wangu nikaenda Moshi.

Kinachotokea ni bembea. Ekseli, yaani mhimili wa magurudumu, iko katikati, ndiyo mti wa bembea. Kutoka ekseli mpaka kwenye pua ni mita 3.6, nimepima kwa futi kamba. Kutoka ekseli mpaka kwenye keria ni mita 2.7. Kwa hiyo kila kilo ninayotundika nyuma inaniibia robo tatu ya kilo huku mbele. Nimetundika 86, imeiba 64 na nusu. Fundi hakukosea hata nukta. Alichomelea chuma cha kubeba, mimi ndiye sikumuuliza swali la pua.

Najua kuna mmoja anaandika sasa hivi: si ujaze vitu vizito mbele, pua irudi? Nilifanya. Nikasogeza betri, nikapanga vyakula vya makopo kwenye sanduku la mbele, mizani ikafika 70, nikajiona profesa. Halafu nikaenda kuizungusha kidogo hapa barabara ya pembeni, bado inataka kucheza. Leteni fagio.

Mti wa fagio, chupa mbili za maji za lita moja na nusu, na mpira wa tyubu. Nazifunga chupa zote mbili karibu na mkono wangu, katikati. Sasa nazungusha mti, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mwepesi, nikitaka usimame unasimama. Sasa nazipeleka chupa kwenye ncha, moja huku, moja huku. Uzito ni uleule, na mti bado umelala sawa mkononi, ukipima katikati hujui tofauti. Zungusha... mh. Mnaona kiwiko? Kuanza ni shida, lakini kusimamisha ndiyo balaa, mkono unavutwa kwenda nao. Ukijaza mbele ili kufidia ya nyuma, mizani inakupongeza huku mkia unangojea basi lingine lipite.

Kwa hiyo vizito vikae chini, sakafuni, juu ya ekseli. Madumu nimeyatoa nyuma kabisa, yako ndani hapo, yamefungwa mikanda yasitembee. Sanduku la spana lilikuwa kwenye kabati la nyuma, kilo 18, nimelileta mbele kidogo ya ekseli. Na baiskeli moja imepanda juu ya Prado. Tupime tena... 65. Kwa kilo 1,170 hiyo ni asilimia 5 na nusu hivi. Hapo naondoka Njiro na moyo mweupe, 80 mwisho, na nikiteremka kutoka Karatu kuingia Mto wa Mbu napunguza zaidi, Ziwa Manyara halihami.

Turudi nyuma haraka. Fundi alitaka kuichomelea keria kwenye chasisi. "Bosi, napiga waya hapa na hapa, dakika kumi tu." Nikamzuia kwa mikono miwili. Karavani nyingi za Ulaya zimekalia chasisi za kampuni ya AL-KO, chuma chembamba kilichopakwa zinki, na mtengenezaji anakataza kuchomelea wala kutoboa. Kwa hiyo yangu imebanwa kwa vibanio chini, na juu imepita ukutani kwa bolti. Na ukuta wa karavani usikudanganye. Gonga hapa, sikia... to, to. Ni bati jembamba, sponji, na ubao mwembamba ndani. Hapa gonga... ndu. Hapo pana mti. Bolti ziende kwenye mti, na ndani kuna bamba la chuma la kugawanya nguvu, na silikoni kila tundu. Ukisahau silikoni, masika yatakufundisha, mti unaoza kimyakimya mpaka siku keria inaondoka na ukuta.

Namba na taa, jamani. Siku ileile ya safari ya Moshi trafiki mmoja alinisimamisha akaniuliza kwa upole kabisa, "Mzee, hii inakwenda bila namba?" Madumu yalikuwa yameziba namba na taa ya breki ya kushoto. Alikuwa sahihi, na nikamshukuru. Sasa nina ubao wa pembeni wenye namba na taa zake, unafungwa mwisho wa mzigo. Na petroli hapa nyuma, hapana. Akikugonga mtu kwa nyuma, bampa lako la kwanza ni dumu.

Kuna mtu aliuliza kuhusu njia ya vumbi ya kuelekea Engaruka. Zile tuta ndogo ndogo za mfululizo kama bati zinaitikisa keria maelfu ya mara, na kinachokata si uzito, ni kutikiswa. Mipira ya tyubu pekee haitoshi, tumia mikanda ya kukazia, na usimame kila baada ya muda ushike nati kwa mkono. Na kwenye korongo, huo mkia ulioongezeka ndio unaogusa chini wa kwanza. Mimi nishachimba mfereji mmoja.

Zipo za dukani pia. Fiamma wa Italia wanatengeneza za kufunga nyuma ya karavani, Thule wa Sweden wana ya kukaa kwenye shingo ya mbele. Ile ya mbele naitamani, ila nayo ina ugomvi wake, inakuongezea uzito wa pua mpaka unaweza kupita kiwango, na ukikata kona kali baiskeli inaibusu gari. Mtumba wa nyuma niliuona mtu anauza 650,000, chuma chepesi, kilo chache kuliko yangu. Ningekuwa na hela ningechukua huo, kwa sababu wepesi ndio kila kitu huku nyuma. Sina, kwa hiyo nabaki na fundi wangu.

Mtaniuliza nainunua tena? Ndiyo. Reli moja, baiskeli moja, na ile fremu ya madumu nimeshaifungua, iko pale ukutani. Nauza na reli ya pili pamoja, 60,000, anayetaka aniandikie chini, machalii wa Chuga kwanza, kusafirisha mkoani sitaki usumbufu. Dumu sitoi. Na dogo, rudisha mizani bafuni kabla geti halijafunguliwa, nasikia honi.