Kielezi cha Kiingereza: kabla ya kitenzi au mwishoni?

Tuanze na maana. "She foolishly answered the question": kujibu kwenyewe ndiko kulikuwa upumbavu. "She answered the question foolishly": jibu ndilo la kipumbavu. Hapo hakuna mshindi, inategemea unataka kusema nini.

Kwa usalama, "slowly" na wenzake wanaoeleza jinsi jambo linavyotendwa waweke mwishoni, hasa ukiwa unaongea bila kujipanga. "Always" na "never" hutangulia kitenzi kikuu, ila hufuata "is": "She is always late."

Sentensi ikirefuka, kielezi cha mwishoni hupotea mbali na kitenzi chake. Mwandishi wa ripoti afadhali akisogeze kabla ya kitenzi. Ila kukitia kati ya kitenzi na yambwa (kinachotendwa), kama "speaks well English", hapana.