Dingi ya mbao kutoka kwa fundi wa Kibirizi: nyota nne, ya tano kaila na misumari

Kwanza mcheke halafu tuendelee. Nilishuka Kibirizi, huku Kigoma, asubuhi, nikakuta vijana wanaziba boti, nikauliza kwa heshima zote, "jamani, nani hapa anaweza kunitengenezea dingi?" Kicheko kilichopigwa pale sijui kama kimeshaisha. Mmoja akanijibu, "braza, dingi hatengenezwi, unazaliwa unamkuta." Sawa, mtaani dingi ni baba, najua, lakini Waingereza kale kaboti kadogo kanakobebwa juu ya boti kubwa ndo wanakaita hivyo hivyo, na neno lenyewe wala si lao, walilitoa India enzi hizo. Watu wa pwani wangesema kihori yakaisha.

Shemeji yangu alinunua boti ya tanga ya zamani, futi 24, mbao tupu, ilijengwa Uingereza miaka ya 1950, mwenyewe wa kwanza alikuja kuondoka akaiacha bandani ikageuka banda la kuku. Sio utani, tulitoa mayai kwenye droo ya ramani. Huu mwaka wa pili tunaifufua, mimi kazi yangu msumeno na lawama. Sasa boti za aina ile mkuku wake, yaani ule uti wa chini, unashuka futi nne chini ya maji, haisogei ufukweni kama mitumbwi yetu, unatia nanga huko mbali halafu unatafuta kitu cha kukuleta nchi kavu. Dingi yake ya asili ilishapotea, hakuna anayejua iko wapi, pengine ililishwa jiko.

Tukakosea mapema kabisa. Shemeji akaagiza ya faiba kutoka duka moja Dar, kwenye simu wakamwambia futi nane, imefika hapa kwa lori tunapima ni futi tisa na nusu, nyeupe pee, inang'aa kama beseni la kuogeshea mtoto. Nafasi kwenye sitaha kati ya mlingoti na paa la kibanda ni futi nane kamili. Kuirudisha hawataki, wanasema mzigo ukishatoka umetoka. Tukaiuza kwa hasara na mimi nikaapa sinunui tena chombo cha majini bila kukiwekea futi kwa mkono wangu.

Kilichotuokoa ni vitu viwili ambavyo tulikuwa tunavikwaa kila siku bila kuviangalia. Pale sitahani kuna vipande viwili vya mbao vimefungwa kwa skrubu, kimoja mbele kimoja nyuma, vimekatwa kwa kupinda, ndo vilikuwa vinakalisha dingi isiteleze. Siku moja napiga msasa nikagundua ule mpindo hauko laini, una vidato kama ngazi. Nikakaa chini. Maana yake dingi iliyokuwa inakaa pale mbao zake zilikuwa zimepandiana, ubao wa juu unalalia wa chini kama bati za nyumba, ndo Waingereza wanaita klinka, na kila kidato kilikuwa kinapokea pindo la ubao mmoja. Yaani umbo la tumbo lake limebaki pale miaka yote hiyo. Nikachukua boksi la TV nikachora vidato vyote, nikakata, nikapakata kwenye bodaboda mpaka Kibirizi.

Fundi niliyeelekezwa ni mzee wa makamo ya babu yangu, jina sitaji kwa sababu hapendi mambo ya simu. Boti anazojenga yeye ni zile mnazozijua za kwenda vijiji vya kaskazini, mbao zinakutana ukingo kwa ukingo, katikati unashindilia pamba. Akaligeuza boksi langu mara mbili tatu. "Mwanangu, hii ni bati." Nikamwambia ndiyo babu, ni bati. "Na mataruma?" Yaani zile mbavu za ndani. Nikamwambia hapa ndo pagumu, kwa namna hii mbao zinapigwa kwanza zikishashikana zenyewe kwa zenyewe ndo unaingiza mataruma. Akaniangalia kama nimelewa. "Nyumba gani inaanza na bati?"

Ila alikubali. Tukapatana laki tisa na nusu, mbao za mvule juu yake, nusu nikatoa palepale, akasema wiki tatu. Zikawa tisa. Hapo sitamlaumu sana maana ilikuwa 2024, Ziwa Tanganyika likafungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti watu wasivue, na wewe unajua mvuvi akikaa nyumbani ndo anakumbuka boti yake inavuja, Kibirizi nzima ikawa gereji. Nilichomlaumu ni kutosema. Kila nikipiga simu "njoo kesho", nikienda kesho nakuta dingi iko palepale na juu yake wameanika dagaa.

Kazi yenyewe lakini aisee. Hana mchoro, hana kompyuta, anafumba jicho moja anaangalia ubao kwa urefu halafu anasema toa hapa, kijana anapiga randa mara mbili, anaangalia tena. Mbao za klinka zinaweza kuwa nyembamba kwa sababu pale zinapopandiana unakuwa na unene mara mbili, za kwetu nusu inchi tu, ndo maana chombo kinakuwa chepesi watu wawili wanakinyanyua. Mataruma tuliyachemsha kwenye pipa la mafuta lililokatwa, matatu yakavunjika, la nne likakubali, babu akasema kumbe ni kama kupika mihogo, ukiwahi inakatika.

Misumari sasa. Kwa kazi hii inatakiwa ya shaba, unatoboa mbao zote mbili, unapitisha, upande wa ndani unavalisha kisahani kidogo cha shaba halafu unaponda kichwa mpaka kivimbe. Mjini hapa hakuna duka linalouza hicho kitu. Nikaenda mtaani Mwanga kwa fundi wa kusuka mota nikanunua waya mnene wa shaba kwa kilo, visahani tukakata kwenye bati la shaba. Kila msumari unataka watu wawili, mmoja nje amekandamiza nyundo nzito, mwingine ndani anaponda kidogo kidogo, tik tik tik, ukipiga kwa hasira waya unapinda ndani ya mbao na umeharibu. Siku ya kwanza walimaliza misumari kumi na nne na wakanitukana kwa Kiha, sikuelewa ila nilielewa.

Sasa hapa ndo nyota ilipodondoka. Nilisafiri siku nne Kasulu, narudi nakuta upande wa kushoto umekamilika haraka ajabu. Nikapitisha sumaku ya spika kuukuu, ikanata. Ikanata tena. Waya uliisha na babu hakutaka kusimama, akapiga misumari ya kawaida ya chuma akaikunja na kupaka rangi juu. Nikamwonyesha sumaku, akacheka, "macho yako wewe ni ya afisa." Lakini shaba na chuma vikilala pamoja kwenye unyevu chuma ndo kinaliwa, baada ya misimu kadhaa ubao unaanza kucheza. Nikamwambia babu hii itoke. Tulibishana nusu siku. Ikatoka, thelathini na mbili nilihesabu mwenyewe, wala hakuniongeza bei, ila matundu mengine yalishapanuka ikabidi kuziba kwa vijiti. Kwa hiyo ukimpa kazi, hakikisha malighafi zote zipo siku ya kwanza, zisipungue.

Kushusha majini. Tumeisukuma, imeelea vizuri imesimama kama bata, dakika kumi maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Roho ikanitoka. Shemeji hasemi kitu, anaangalia upande wa Kongo. Babu akaagiza mawe, akajaza ndani, akaizamisha kabisa kwenye maji ya kiunoni. Nikampigia kelele. Akaniambia, "Liemba ililala chini karibu miaka minane ikaamka ikabeba watu, wewe hako kako usiku mbili unalia?" Na ni kweli, ile meli kongwe ya ziwani hapa ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaja kuibuliwa 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria. Mbao kavu lazima inywe maji ivimbe ndo ibane. Siku ya tatu tukatoa mawe, tukakausha kwa kopo, mpaka jioni ndani hakuna hata tone. Na uzuri wa maji yetu hayana chumvi kwa hiyo wale wadudu wa baharini wanaotoboa mbao huku hawapo, ubaya wake maji baridi ndo yanaozesha haraka, hasa ya mvua yakituama ndani, basi igeuzeni kifudifudi kila mkimaliza.

Makasia ni mazito. Katengeneza ya mninga, mazuri kwa macho, ila ukipiga dakika ishirini mabega yanaita mama. Nimeyapunguza kwa randa mwenyewe. Sehemu ya kushikia kasia kaweka vishwara vya kamba, shemeji anataka vyuma vya shaba kama vya zamani, mimi naona kishwara hakipigi kelele na kikikatika unafunga kingine.

Siku tuliyoipandisha kwenye boti kubwa tuliinyanyua watu wawili, tukaishusha taratibu kwenye vile vipande viwili. Kidato cha kwanza kikaingia, cha pili kikaingia, kile cha nyuma kushoto kikakataa kwa unene wa sarafu, nikaweka kipande cha mpira wa tairi. Ukiikanyaga haitikisiki.

Kwa mtu anayefufua boti ya zamani na anataka kitu kinachofanana na cha kwake kweli, sijaona wa kumzidi huyu mzee mjini hapa, mradi uende na kipimo chako, shaba yako, na usisafiri. Nilimuuliza wiki iliyopita kama anaweza kutoa nyingine kwa jamaa yetu wa Ujiji, akasema anaweza, ila sasa ni milioni moja na laki mbili, maana ya kwanza alikuwa hajui anachokubali.