Commodore 64 ya mtumba: usiinunue bila majarida yake

Naishi Ujerumani, na Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya zamani, niliipata kwenye soko la mitumba ikiwa na draivu yake ya flopi (diski za kuhifadhia programu), modeli 1541, na rundo la majarida ya 64'er, ya Kijerumani na yanayohusu kompyuta hiyo. Sasa naitumia karibu kila wikiendi na nimeipenda mno.

Ilitoka mwaka 1982. Ukibonyeza swichi tu, skrini ya bluu inakuambia una baiti 38911 za kuandikia programu kwa lugha ya BASIC, kisha READY, na kishale kinamemeta kikikungoja. Muziki wake ndio ulioniteka kwanza. Chipu yake ya sauti, SID, aliyoibuni Bob Yannes ina sauti tatu basi, lakini ukiiunganisha na spika nzuri, besi yake utaisikia kifuani.

Draivu ni ya polepole, lazima niseme. Flopi ya inchi 5¼ inabeba kama kilobaiti 170 kila upande, na programu kubwa itakusubirisha dakika nzima na zaidi. Ila ndani ya draivu mna prosesa yake yenyewe, aina ya 6502, kwa hiyo una kompyuta mbili mezani zinazoongea kwa waya mwembamba. Kabla ya kuingiza flopi ya zamani, ichungulie kwenye uwazi wake: ukiona ukungu au mikwaruzo ya duara, iache, itachafua kichwa cha kusomea.

Sasa majarida. 64'er lilianza 1984, na lina kurasa kwa kurasa za programu unazoandika mwenyewe kwa kibodi. Mwisho wa kila mstari pana namba ya kuhakiki. Ukishaandika, unailinganisha na inayotokea kwenye skrini. Zisipolingana, umekosea mahali. Kazi inachosha vidole, lakini ndiyo inayofundisha. Andika amri ya BASIC POKE 53280,0 na ukingo wa skrini unakuwa mweusi papo hapo, maana umegusa chipu ya picha moja kwa moja. Kompyuta yangu ya kazini haijawahi kunipa raha hiyo.

Tahadhari moja: msitumie adapta za umeme za zamani. Zikichakaa, volti 5 hupanda na kuunguza chipu za kumbukumbu. Nunueni mpya kwanza, hata kabla ya kuiwasha kompyuta kujaribu. Na wasiopata majarida ya karatasi, Internet Archive ina mengi ya zama hizo yaliyoskaniwa, kusoma ni bure.