Icarus na Phaethon: yupi alizidisha?

Katika ngano za Wagiriki wa kale, wote walikuwa vijana, wote walionywa na baba zao, wote wakaporomoka kutoka angani. Lakini msiwatie kapu moja. Icarus alikuwa anatoroka Krete kwa mbawa za manyoya na nta. Raha ya kuruka ikamlevya, akalisogelea jua, nta ikayeyuka na kumchuruzikia mabegani. Alizama baharini peke yake. Phaethon alidai gari la jua ili tu athibitishe kuwa ni mwana wa Helios, mungu wa jua, na baba, kwa kuwa alishaapa kumpa atakachoomba, tena kwa mto Styx, kiapo ambacho hata mungu havunji, akashindwa kukataa. Farasi wakahisi mkono mgeni kwenye hatamu, wakatimua ovyo. Milima ikawaka, mito ikakauka, mpaka Zeus, mfalme wa miungu, akampiga kwa radi. Phaethon ndiye simsamehe. Na Helios naye, kiapo gani kile!